Mbegu ya Pete Mbili

Mwaka 1993, Majengo ya Mpanda ilikuwa bado mahali ambapo kila mtu alijua jirani yake anapika nini. Redio moja ilitosha kuhudumia nyumba saba, kwa sababu mwenye redio hakuwa mchoyo, wala hakujua kupunguza sauti. Na siku za treni, honi iliposikika kutoka upande wa stesheni, hata kuku walinyanyua vichwa.

Monika aliishi hapo na bibi yake, mama mzazi wa baba yake. Wazazi wake walikuwa Inyonga kwenye mashamba ya tumbaku, naye aliachwa mjini ili asome. Alikuwa darasa la tano. Kila asubuhi kabla ya shule alibeba ndoo na mkebe uliotobolewa matundu, akashuka na Bibi bondeni, upande wa kuelekea Shanwe, kumwagilia bustani yao. Kulikuwa na matuta ya mchicha, nyanya na vitunguu maji. Na pembeni, mahali penye udongo mweusi kuliko pote, kulikuwa na tuta dogo ambalo Bibi hakuruhusu hata kuku alitazame vibaya.

Hilo lilikuwa tuta la vitunguu saumu.

Majirani walimwita Bibi kwa jina la mwanawe, Mama Telesfori. Alizaliwa Ufipa, juu kwenye nyanda za baridi, ambako asubuhi za mwezi wa sita mtu hupumua na kutoa moshi kama anavuta kiko. Mume wake, marehemu Babu Melkiadi, alikuwa mtunza bustani wa mapadre. Ndiye aliyeileta mbegu nyumbani, na Bibi hakuchoka kusimulia.

"Tulikuwa na aina tatu," angeanza, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukielekeza maji. "Kulikuwa na Kanzu. Nyeupe kama nguo ya padre, kubwa, ndani ina punje nne tu, kila punje kama kidole gumba cha babu yako. Kulikuwa na Michirizi, ganda lake la zambarau limechorwa mistari. Hiyo ukiitafuna mbichi unalia, lakini ukiichoma kwenye majivu inakuwa tamu, utafikiri kiazi. Na ya tatu ndiyo hii."

"Pete Mbili," Monika alimalizia. Alikuwa amekariri simulizi hiyo kama anavyokariri jedwali la kuzidisha.

"Pete Mbili! Tazama shingo yake. Ngumu kama njiti. Zile za sokoni shingo zake laini, unazisuka mashada kama nywele, unatundika jikoni mwaka mzima. Hii ukijaribu kuisuka inakuvunjikia mkononi. Lakini punje zake kubwa, zimekaa duara kuzunguka mti, na ganda lake ukiligusa tu limetoka."

Jina lake lilitokana na mkia. Mimea ilipokomaa, katikati ya majani kulichomoza kikonyo kimoja kirefu cha kijani, kikajikunja, kikazunguka mara mbili kama pete mbili zilizoshikana. Mkia huo ulipaswa kukatwa ili nguvu zirudi chini kwenye kitunguu. Na mkia wa kwanza wa kila mwaka Bibi aliukata mwenyewe, akauvaa kwenye kidole mpaka ukauke na kudondoka. Babu Melkiadi alimchumbia kwa mkia kama huo, kwa kuwa pete ya dukani hakuwa na uwezo nayo. Bibi akisimulia sehemu hiyo alicheka peke yake.

Kanzu ilioza njiani walipohamia Mpanda, mvua ilipoingia kwenye magunia. Michirizi ilikauka miaka ya mwanzo. Ikabaki Pete Mbili peke yake, nayo ilikuwa na masharti. Haikutunzika muda mrefu kama za sokoni. Ilipopita nusu mwaka ilianza kulainika na kuota. "Ukiacha kuipanda msimu mmoja," Bibi alisema, "umeshaiaga." Sharti la pili lilikuwa baridi. Mwaka wa kwanza hapa Mpanda ilikataa kabisa kuzaa punje, kwa sababu haikuonja baridi ya kwao. Aliyeokoa jahazi ni jirani yao, Mzee Mustapha mwenye duka, ambaye alikuwa na friji la mafuta ya taa la kupozea soda. Tangu hapo, kila mwezi wa tatu mbegu ya Bibi ililala nyuma ya soda za Mzee Mustapha, na kila mwezi wa tano ilitoka kwenda bustanini.

Mwaka ule, mwisho wa Ramadhani uliangukia mwezi wa tatu. Siku ya kuamkia Idi, Bibi alitia mbegu yake yote kwenye mfuko wa kaki, akamkabidhi Monika.

"Mkononi mwa Mzee Mustapha. Siyo mezani, siyo mlangoni. Mkononi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alisikia kweli. Tatizo ni kwamba kati ya nyumba yao na duka la Mzee Mustapha kulikuwa na uwanja, na uwanjani kulikuwa na Hana, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akikusanya wasichana wa kucheza rede, mchezo wa kukwepa mpira.

"Moni! Njoo, tumepungukiwa mmoja!"

"Nimetumwa."

"Mara moja tu, jamani. Duka lina miguu hilo, litakimbia?"

Duka halikukimbia, ila lilifungwa. Monika alipofika, jasho likimtoka na magoti yana vumbi, alikuta mlango una kufuli kwa ajili ya maandalizi ya sikukuu. Akazunguka uani. Wanawake walikuwa ndani wakicheka na kutwanga viungo, na hakuna aliyemwona. Kwenye baraza kulikuwa na vikapu vya vitunguu maji, nyanya na viazi. Alisita. Kubisha hodi kungemaanisha kuamkia watu kumi na kuulizwa habari za shule. Na huko uwanjani rede haikuwa imekwisha. Akauweka mfuko wake kati ya vikapu, akajiambia, "Si wataukuta tu?"

Waliukuta.

Mchana wa Idi, sinia lililofunikwa kawa liliingia nyumbani kwa Bibi, kama kila mwaka. Bi Mwanahija, mke wa Mzee Mustapha, hakuwahi kula Idi bila majirani zake Wakristo kula, na Bibi naye hakuwahi kula Krismasi peke yake. Pilau ilikuwa inatoa moshi. Bibi alinawa, akachukua tonge la kwanza, akatafuna polepole. Halafu akaacha kutafuna.

"Monika," alisema, macho yameloa. "Pilau ya mwaka huu ina ladha ya kwetu. Haki ya Mungu. Naona kama niko jikoni kwa mama yangu, mvua inanyesha nje. Sijui Mwanahija kapata wapi saumu ya hivi."

Monika alitazama sahani yake. Kando ya kipande cha nyama kulikuwa na punje moja nzima ya kitunguu saumu, nene, iliyoiva ikawa laini. Alitaka kusema wakati uleule. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi. Bibi alikuwa na furaha, akilamba vidole, akiomba Mungu ambariki Mwanahija. Mtu anaanzaje kumwambia mwenye furaha kama ile kwamba anakula mbegu yake mwenyewe?

"Nitarudisha sinia mimi," ndilo neno pekee lililomtoka.

Bi Mwanahija alipopokea sinia alikuwa anang'aa kwa hina na hariri. "Mwambie Mama Telesfori shukrani. Na kuna jirani mwema ameniletea tunu ya Idi, saumu kubwa hizo, ukizigusa zimejimenya zenyewe! Hata sijui ni nani, aliacha barazani akaenda zake. Mungu atamlipa."

Monika akaitikia amina, maana angefanya nini.

Jioni alimweleza Hana. Hana alijikuna kichwa, akaingia jikoni kwao na kutoka na shada zima la vitunguu saumu vya sokoni, vilivyosukwa vizuri kama nywele za bibi harusi.

"Chukua hivi. Saumu ni saumu tu, Moni. Bibi yako macho yenyewe hayaoni vizuri siku hizi."

Kesho yake vitunguu vile, vimekatwa shingo zake laini, vilitiwa kwenye mfuko mwingine wa kaki na kukabidhiwa mkononi mwa Mzee Mustapha. Siyo mezani, siyo mlangoni. Mzee akavilaza nyuma ya soda kama kawaida, akampa Monika peremende moja. Peremende ile ilikaa mfukoni mpaka ikayeyuka, kwa sababu Monika hakuthubutu kuila.

Mwezi wa tano Bibi alishikwa na homa. Monika akasema, "Pumzika, Bibi, nitapanda mimi." Akapanda kweli, kwa mistari iliyonyooka, kila punje ncha juu, akaweka majani makavu juu ya tuta. Bibi alipopona akaja na mkongojo kukagua. Alishika shavu la mjukuu wake akasema, "Sasa naweza kufa. Mbegu imepata mwenyewe." Wapo watu wanaoumia kwa kutukanwa. Monika siku ile aliumia kwa kusifiwa.

Vitunguu viliota. Mwezi wa sita vilikuwa kijani kibichi, vimejaa. Mwezi wa saba Bibi alianza kwenda bustanini na kisu kidogo kiunoni, kutafuta mkia wa kwanza. Aliinama kwenye tuta, akatenganisha majani kwa vidole, mche mmoja baada ya mwingine, kisha akajinyoosha taratibu.

"Bado," alisema. "Mwaka huu imechelewa."

Kesho yake ilikuwa bado. Wiki iliyofuata ilikuwa bado. Majani yakaanza kuwa ya njano na shingo zikalala chini zenyewe, laini, jambo ambalo Pete Mbili haikuwahi kulifanya tangu Babu Melkiadi ailete nyumbani. Bibi alikishika kidole chake kisicho na kitu, akakizungusha-zungusha. Monika alikuwa akimwagilia maji upande wa mchicha, na mchicha ule ulimwagiliwa hata ukazama, kwa kuwa hakutaka kugeuka.

Hatimaye Bibi alimwambia Mzee Mustapha kwamba huenda friji lake lilikosa nguvu. Hakumwambia kwa ukali. Jumamosi moja asubuhi, Mzee Mustapha akashuka bondeni mwenyewe, na kanzu yake ameikunja isiguse matope. Alisimama mbele ya tuta lile lililolala. Akavua kofia.

"Mama Telesfori, nisamehe. Nimekaa nikafikiri. Zile siku baada ya Idi mafuta ya taa yaliadimika mjini, friji lilizimika mara mbili. Nilidhani haitadhuru. Mbegu ya marehemu imepotea mikononi mwangu, na mimi sina cha kukurudishia."

"Hapana, Mzee Mustapha, usiseme hivyo," Bibi alijibu, lakini sauti yake ilikuwa imechoka. "Labda ni mimi. Nimezeeka, mbegu nayo imenichoka."

Monika alimwona mzee yule amesimama kichwa wazi kwenye jua, akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Akamwona bibi yake akijilaumu kwa uzee. Mkebe ukamdondoka.

"Siyo friji!" alilia. "Siyo friji, na siyo wewe, Bibi. Ni mimi!"

Akasema yote. Rede, baraza, pilau, shada la kina Hana. Alisema akilia mpaka maneno yakawa yanagongana, na alipomaliza, kunguru mmoja alikuwa anapiga kelele kwenye mgomba.

Mzee Mustapha alirudisha kofia kichwani polepole. Bibi alikaa kwenye ukingo wa tuta.

"Kwa hiyo nilikula," alisema. "Siku ile nilikuwa naila. Nikamshukuru na Mungu."

"Nisamehe, Bibi."

Hasira ya Bibi haikuwa ya kupiga, ilikuwa ya kunyamaza, na Monika angependa fimbo mara kumi kuliko kimya kile. Mwishowe mwanamke mzee akashika mkongojo. "Simama. Twende kwa Mwanahija. Alipewa tunu na mtu asiyemjua, ni haki yake kumjua."

Walipanda kilima, Mzee Mustapha nyuma yao. Uani walimkuta Bi Mwanahija amechuchumaa karibu na karo la kuoshea vyombo, kisu mkononi, mbele yake karai bovu lililojaa udongo. Ndani ya karai kulikuwa na mimea michache yenye majani yaliyoanza kukauka.

"Karibuni, karibuni! Mnanikuta nang'oa saumu yangu. Kesho tuna hitima ya shemeji, wageni wanatoka Tabora na treni."

Monika alipiga magoti pale pale kwenye majimaji ya karo, akamwamkia, akaeleza tena. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Bi Mwanahija alisikiliza na mkono mdomoni.

"Yallah! Kumbe nilipika mbegu ya watu! Lakini Mama Telesfori, sikumaliza zote. Nilizipenda mno, nikabakiza punje kadhaa nikazichomeka hapa. Ndizo hizi."

Bibi alisogea haraka kuliko mkongojo wake. Bi Mwanahija akavuta mche mmoja, akapangusa udongo kwa kidole gumba. Kikatoka kitu cha mviringo, cha kahawia, kama gololi kubwa. Hakikuwa na punje wala mgawanyiko wowote. Wakavuta wa pili, ukawa vilevile.

"Vimeharibika," Monika alinong'ona, na tumaini dogo lililokuwa limeanza kumwinukia likaanguka. "Havina hata punje moja."

Bibi alikigeuza kile kijitunguu kiganjani, akakinusa, akakwaruza ganda kwa ukucha. Ganda likatoka lenyewe. Hapo uso wake ukafunguka, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mpaka Bi Mwanahija akamshika bega.

"Havijaharibika! Ni yenyewe! Haikuonja baridi tu, basi imekaa nzima, haikujua kugawanyika. Monika, mwaka ule wa kwanza hapa Mpanda, unadhani nilivuna nini? Nilivuna hivi hivi. Na mwaka uliofuata unadhani nilipanda nini? Hivi hivi! Kikilazwa kwenye baridi kisha kikapandwa, kinazaa kitunguu kizima na punje zake."

Bi Mwanahija alikitazama kisu chake, akakiweka chini mbali kabisa. "Jamani. Mngekuja baada ya adhuhuri, vingekuwa vimeshatwangwa."

Vilihesabika kwa vidole vya mikono miwili, na Bi Mwanahija hakukubali kubakiza hata kimoja. Wageni wa hitima, alisema, watakula saumu ya sokoni, tena kuna bustani nzima bondeni imejaa. Wote wakacheka, hata Monika, ingawa kamasi zilikuwa bado zinamtoka.

Jioni Bibi alimkalisha mjukuu wake jikoni, penye moto.

"Watu husema majuto ni mjukuu," alianza. "Mimi mwaka huu nimeyapata yote mawili, majuto na mjukuu, nyumba moja. Sikiliza. Kuacha mfuko barazani ni kosa la mtoto. Lingekwisha siku ile ile. Ungeniambia wakati tunakula pilau, ningelia, ningekugombeza, na kabla ya magharibi tungekuwa kwa Mwanahija tunazichukua zilizobaki, tuzitie kwenye friji. Mwaka huu tungevuna. Uongo ndio uliokula msimu wetu mzima, tena ukamvua mzee wa watu kofia yake."

"Ndiyo, Bibi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uliweza kunificha mimi, macho yangu yana ukungu. Hukuweza kulificha tuta. Mbegu haisemi uongo, ukipanda ya kusuka huvuni pete. Lakini kuna jambo moja nalo nalikumbuka." Akamtazama. "Ulisema mwenyewe. Hakuna aliyekukamata. Ungenyamaza nusu siku nyingine, leo mbegu ya babu yako ingekuwa hitima ya kweli."

Machi iliyofuata, Monika aliubeba mfuko wa kaki akauvuka uwanja. Hana alimwita. Monika alinyanyua mfuko juu aonekane, akapita bila kusimama, na Hana mwenyewe akaacha mpira akamsindikiza mpaka dukani. Mbegu ikaingia mkononi mwa Mzee Mustapha.

Na mwezi wa saba, asubuhi moja yenye ubaridi kidogo, Monika aliita bondeni kwa sauti iliyofika barabarani. Katikati ya majani kikonyo kilikuwa kimechomoza na kuzunguka, mara ya kwanza na ya pili. Bibi alikuja na kisu. Alikigusa kwanza kwa ncha ya kidole, kama anayemwamsha mtoto, kisha akakikata.

Hakukivaa. Aliuchukua mkono wa Monika, akakiingiza kwenye kidole chake, na kilipwaya kidogo.

"Bibi, hiki si chako? Si cha babu?"

"Babu yako alinipa nikiwa msichana," Bibi alisema, akichukua ndoo yake. "Basi kunja ngumi kisidondoke, tumwagilie, utachelewa shule."

Monika alikunja ngumi. Siku ile aliandika masomo yote kwa shida, maana ulikuwa ndio mkono wa kuandikia, na darasa zima lilinuka kitunguu saumu.